Pa Kunizika

Shwaa, shwaa, shwaa. Daktari alinivisha vile vipira vyake masikioni, akanibandika ile sahani ya chuma kifuani mwangu mwenyewe, akasema, "Sikia." Nilitegemea kusikia ngoma, du-dum, du-dum, kama tulivyosoma shule ya msingi. Nikasikia mtu anafagia uwanja. Ufagio wa matawi, udongo mkavu, mtu asiyechoka. Shwaa, shwaa. Mpaka leo nikitulia naukumbuka vizuri.

Nikacheka. Nikamwambia, "Daktari, kuna mama anafagia humu ndani."

Hakucheka. Alinieleza kwamba sauti ile ni damu inayorudi nyuma, kwa sababu mlango mmoja wa moyo wangu haufungi sawasawa. Akaniuliza kama nilikuwa naumwa na koo nikiwa mtoto. Nani kwetu hakuumwa na koo? Ulipewa chai ya tangawizi, ukaenda shule. Sasa ati koo lile la zamani ndilo lililoshuka likaharibu mlango. Kuna upasuaji, alisema, unafanyiwa mbali, kwenye hospitali kubwa, na wanaongoja ni wengi. Nitaitwa.

Naandika haya bado sijaitwa.

Nesi aliyenisindikiza nje ndiye aliyeanzisha mambo ya wosia. Alinishika mkono kama dada, akasema, "Kabla hujaitwa, panga vitu vyako. Si kwamba utakufa. Ni vile mtu akienda sokoni anafunga mlango wa nyumba." Nikampenda kwa maneno hayo. Nikarudi Suna, kwenye kibanda changu cha kushona, nikaangalia mlango wangu na kujiuliza nina nini cha kufungia.

Mimi ni fundi wa nguo. Sare za shule, magauni ya vitenge, mara moja moja suti ya bwana harusi ambayo mikono yake hunitoa jasho. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili, baba alipofariki. Lakini kuota ninajua. Nimeota duka Isebania, pale karibu na mpaka, lenye mlango wa kioo na sanamu ya mwanamke amevaa gauni langu, na kina mama wa Sirare wanavuka kutoka Tanzania kuja kupimwa kwangu, si kwa mwingine. Nimeliota mpaka najua pazia lake lina rangi gani. Ni la zambarau.

Mwenye kibanda jirani anauza viatu vya mitumba. Ni mwanamke mkubwa kwangu, mdomo wake haujui likizo. Nilipomwambia naenda kuandika wosia, akasema, "Wosia? Wewe? Si uandike kwanza kitabu cha wadeni wako."

"Nakuachia kile kioo kirefu," nikamwambia. "Na utakuwa shahidi wangu."

"Kioo nakitaka. Ushahidi pia nautaka. Nilete na soda?"

Ofisi ya wakili ilikuwa mjini Migori, juu ya duka la misumari na mabati. Wakili mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, pengine ananizidi miaka kumi tu, miwani imekaa kichwani kama taji. Alinikaribisha kwa Kiswahili cha ofisi, akafungua kompyuta.

"Una mali gani?"

"Cherehani moja ya kukanyaga. Kitanda. Kioo kirefu cha wateja. Vitenge ambavyo havijakatwa. Mbuzi wawili wako Rangwe kwa mama. Na ndoto ya duka Isebania."

"Ndoto hatuwezi kuandika."

"Na ndiyo mali yangu kubwa, madam."

Hapo alicheka kweli, akashusha miwani. Tukaenda vizuri. Cherehani na mbuzi kwa mama. Kitanda kwa mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko shule ya bweni na anakua kama mhindi wa mvua ya kwanza. Vitenge vigawiwe wanakwaya wenzangu. Kioo kwa jirani. Wakili akaniuliza jirani ni nani, nikamwambia ndiye shahidi. Akatikisa kichwa. Anayeachiwa kitu asitie sahihi, achague kimoja.

"Na cha mwisho," nikasema, "nizikwe kwetu Rangwe, ndani ya boma, nyuma ya jikoni la mama, kwenye migomba."

Vidole vyake vikasimama.

"Hujaolewa," alisema. Hakuwa anauliza.

"Bado niko kwa benchi."

Hakucheka. Aliongea pole pole, na sasa aliongea Kijaluo, kama vile Kiswahili kilikuwa kimevuliwa mlangoni pamoja na viatu. Alisema anaweza kuliandika jambo hilo, lakini kwa sheria hilo ni ombi tu, halimfungi mtu. Wakati ukifika, watakaoamua ni watu wa nyumbani. "Na unajua watu wa nyumbani watasema nini juu ya msichana mkubwa ambaye hajaolewa."

Nilijua na sikujua. Nilishawahi kusikia, kama unavyosikia habari za mvua ya mawe iliyonyesha kijiji kingine. Msichana aliyekomaa akifa kwao hazikwi ndani ya ua. Anazikwa nje. Nyumbani kwake palipaswa kuwa kwa mume, na asipokuwa na mume, basi hana ndani. Lakini hayo ni ya watu wa zamani, nilifikiri. Mama yangu ni mama wa kanisa. Mimi ndimi niliyeshika mkono wa mama kwenye mazishi ya baba. Migomba ile nyuma ya jikoni niliipanda mimi, nikiwa mdogo, kwa mikono yangu.

"Nenda uongee nao kwanza ukiwa hai," wakili alisema. "Wakikubali, andiko litakuwa na miguu." Halafu akaongeza, akiangalia dirishani, "Mimi nilinunua ploti yangu. Ndogo tu. Wenzangu wanafikiri nitajenga."

Nilimshukuru, nikashuka ngazi.

Jirani yangu alipopata habari kwamba lazima achague, alishika kiuno. "Ati kioo au sahihi?" Akakitazama kioo, akajigeuza upande, akajiona. "Basi kioo mpe mwingine. Nitatia sahihi. Kioo chako nikijitazama asubuhi nikuone wewe nyuma yangu, mimi nitakimbia mpaka Sirare bila viatu, na mimi muuza viatu." Tukacheka sana. Halafu yeye ndiye aliyeanza kulia, akijipangusa kwa soksi ya mtoto iliyokuwa mkononi.

Nilifika Rangwe siku ya soko. Mama alikuwa hajaenda. Alikuwa sebuleni anabambua njugu kwenye ungo, viti vyote vimevaa vile vitambaa vyeupe anavyofuma mwenyewe. Habari za moyo wangu alizijua tayari. Za wosia hakuzijua. Nilimweleza taratibu, nikianza na mbuzi.

"Mbuzi ni wako," alisema. "Watakaa wako."

"Mama, ni kuandika tu. Nikifa..."

"Nyathina!" Mwanangu. Alisema kama mtu anayemvuta mtoto kutoka barabarani. "Usikiite kwa jina. Kina masikio."

"Hakijui Rangwe, Mama. Kitapotea njia hapo sokoni."

Aligeuka asinionyeshe kwamba amecheka. Nilipofika penye migomba, aliacha kubambua. Alikaa hivyo, njugu moja katikati ya vidole, kisha akaniambia niende kumwita baba mdogo.

Baba mdogo ndiye aliyetulea baba alipoondoka. Nataka nimweleze sawasawa, kwa sababu ni rahisi kumchukia mtu usiyemjua. Ndiye aliyenipeleka Migori na begi langu kichwani mwake, siku nilipoanza kujifunza kushona. Shati la kwanza nililoshona katika maisha yangu lilikuwa lake; kola moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine, na akalivaa kanisani Jumapili tatu akiwaonyesha watu. Alikuja upesi, akanikumbatia, akaketi kwenye kiti cha baba, akapewa chai.

Nilimwambia yote mwenyewe. Mama alikuwa amerudia njugu zake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Chai ikapoa. Kisha akasema, "Nyarwa," binti yetu, na sauti yake ilikuwa laini hivi kwamba nilidhani amekubali. "Nyarwa, kitu chochote uombe. Ukitaka ng'ombe tuuze ukatibiwe, tutauza. Hili siwezi."

"Kwa nini, baba?"

"Msichana halali ndani ya ua wa baba yake. Akilazwa ndani, hatulii. Anawasumbua wanawake wa boma, hawazai vizuri. Mdogo wako ataoa kesho. Unataka mke wake aje kwenye nyumba yenye swali?"

"Mimi nimsumbue mke wa ndugu yangu? Mimi niliyeahidi kumshonea gauni?"

"Si wewe. Ni desturi. Mimi sikuianzisha."

Nikamwambia kuhusu migomba. Nilimwambia kwamba niliipanda mimi, kwamba kuna mmoja unazaa mpaka leo. Nilikuwa naongea haraka, kama mteja anayeomba nguo yake iliyochelewa. Alinitazama kwa huruma kubwa, na akasema jambo ambalo mpaka leo sijui nicheke au nifanye nini.

"Bado kuna wakati. Tunaweza kukutafutia mtu. Hata mzee, hata mwenye wake wawili. Akuoe tu, ujengewe nyumba kwake, uwe na mahali. Kule Kanyada namjua mmoja, ni mtu mzuri, meno yake yote yapo."

"Baba mdogo, unanitafutia mume au kaburi?"

Macho yake yalijaa machozi. Alisema, "Nakutafutia mahali," na alikuwa anasema kweli.

Nilimgeukia mama. Nilikuwa na hakika. Mama aliyesimama mbele ya kanisa zima akasema binti yake hataacha shule, ingawa niliacha. Mama ambaye baba alipokufa alikataa kurithiwa na mtu, akanyooshewa vidole, akakaa. Nilimwangalia nikingoja. Maganda ya njugu yalikuwa yanapasuka, pa, pa, pa. Hakuinua kichwa. Baba mdogo naye alimtazama, akasema, "Shemeji, nimekosea?"

Mama akasema, "Chai yako imepoa. Ngoja nikuongezee."

Hayo tu.

Nilitoka nje nikasimama katikati ya boma. Nyumba ya mama, kaburi la baba mbele yake lenye saruji na msalaba, jikoni, migomba. Karibu na lango, pale ambapo siku moja mdogo wangu atajenga nyumba yake ya ujana, ardhi imeachwa wazi inamngoja. Ndevu hata hazijamtoka, na tayari ana mahali. Sikumwonea wivu, nampenda mno. Lakini niliitazama ile ardhi iliyoachwa wazi kwa muda mrefu. Na kuzunguka vyote hivyo, ua wa ojuok, ile mimea ya vijiti vya kijani yenye maziwa yanayochoma macho, mrefu kuliko mtu, umesongamana kama ukuta. Tangu utoto niliuona kama mikono inayotushika. Siku hiyo niliona kuwa una pande mbili.

Nilikuwa nimeacha kuogopa upasuaji. Unaweza kuamini? Nilichoogopa sasa ni kulala mahali ambapo asubuhi watu wanaamka upande wa pili.

Asubuhi niliamka peke yangu kitandani. Nje kulikuwa na panga linakata. Nilidhani ni kuni. Nikatoka na leso mabegani, na nikamwona mama nyuma ya jikoni, amejifunga kitambaa usoni mpaka macho yamebaki kama ya mtu wa barabarani wakati wa vumbi, anakata ua. Hakuwa anang'oa. Alikuwa anaupunguza. Vijiti vilianguka vikitoa maziwa meupe, na kila alipokata, ng'ambo ilionekana zaidi, shamba la viazi vitamu, njia ya ng'ombe, na kipande kidogo cha ardhi kilichoinuka kidogo, chenye mawe mengi.

"Mama, utaingiza kwenye macho!"

"Kaa mbali."

Alikata mpaka ua ukawa kimo cha kiuno, upana wa kama mlango wa gari. Akavua kitambaa. Akanishika mkono bila kusema kitu, akanipeleka mpaka jikoni, akanisimamisha pale anaposimama yeye akisonga ugali.

"Angalia."

Kupitia mlango, juu ya ua uliokatwa, kile kipande cha ardhi kilionekana chote.



"Desturi yao sikuiweka mimi," alisema, "na kuiondoa siwezi. Jana ningesema neno, lingekuwa vita na huyu mzee ambaye ndiye aliyebaki. Na vita angeshinda, halafu angekulaza mbali, huko chini kwenye majani, kunionyesha. Lakini ua huu nimeupanda mimi. Hakuna aliyeniambia nisiupunguze." Alinyoosha kidole. "Pale. Nikipika nakuona. Nikichota maji nakuona. Nikigombana na kuku unanisikia."

"Mama, nitakuwa chini ya udongo."

"Nitakuona hivyo hivyo."

Nikamshika. Mama yangu ni mwanamke mwenye mwili, lakini siku hiyo alikuwa mwepesi kama nguo isiyo na mtu. Alisema kifuani kwangu, "Mimi nataka usiende popote. Nisikilize. Nimekata ua na nataka uote tena, nikuone umekuja na watoto wako, uniulize, 'Mama, mbona ua huu ni mbaya hapa?'"

"Nitakuuliza."

"Uniulize kwa ukali."

"Nitakuuliza kwa ukali, Mama."

Tukacheka, machozi yakiingia mdomoni. Nilitaka kumwuliza jambo moja na sikuthubutu: ojuok inakua haraka, na yeye ana umri. Siku atakapokuwa amelala mbele ya nyumba, kando ya baba, pale palipo halali yake, nani atakuja na panga kila msimu? Mke wa ndugu yangu, ambaye hajazaliwa kwenye fikra zetu, atajua kwa nini ua umepungua hapo? Sikumwuliza. Yeye pia, nadhani, alikuwa ameshajiuliza, maana alinikumbatia zaidi.

Alipotulia alioga, akavaa sare ya kina mama wa kanisa, akaenda kwenye maombi. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikampigia wakili simu.

"Wamekubali?" aliuliza.

"Futa pale palipoandikwa migomba."

Nikasikia kiti chake kinalia. "Niandike nini?"

"Andika: nje ya ua, mkabala na mlango wa jikoni la mama, pale ua ulipokatwa."

Nilisikia honi za mji kwenye simu yake. "Ni hivyo unavyotaka?"

"Hapana," nikasema. "Lakini andika hivyo."

Niliporudi Migori nilitia sahihi, jirani yangu wa viatu na mama mmoja muuza chapati wakiwa mashahidi, na wakati wote jirani alikuwa anamlaumu wakili kwa kutokuwa na kalamu ya rangi nzuri. Kioo nimemwachia mama wa chapati? Hapana, naye ni shahidi. Kitaenda kanisani, wanakwaya wajitazame.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Asubuhi ile, mama akiwa kanisani na boma limenyamaza, nilizunguka kwa lango, kwa sababu kuruka ua niliona aibu, nikaenda mpaka kile kipande cha ardhi. Nilisimama juu yake. Upepo ulikuwepo, na kutoka pale mlango wa jikoni ulikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Niliona sufuria ya mama imeegemea ukuta, na kitambaa alichokuwa amejifunga usoni, kimening'inia.

Ardhi ilikuwa na mawe mengi. Nikainama, nikayaokota, moja moja, madogo na makubwa, nikayabeba kwenye leso mpaka ukingo wa shamba la viazi, nikarudi kuokota mengine.